Wimbo wa Kilima Mbuzi Mbele ya Profesa

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshachoka kuona haya, ingawa mpaka leo nikipewa nguo yenye maandishi kifuani naivaa ndani nje.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilikuwa mwanafunzi wa uhasibu hapa Durban, Mkenya wa kubanana na wenzangu chumbani mtaa wa Umbilo, na nilikuwa nimempenda Furaha, binti wa Papa Déo, Mkongo mwenye duka la simu South Beach, mzee aliyekwisha kutangazia kanisa zima kwamba binti yake haolewi na mtu asiye na shule ya maana. Siku ya kwenda kujitambulisha palikuwa na baridi ya Julai, na nguo safi niliyobaki nayo ni sweta ya mtumba yenye jina la chuo kikubwa cha binafsi cha Amerika (sikujua hata kiko jimbo gani).

Papa Déo alinisoma kifua, akavua miwani.

"Mtoto yangu, weye ulisoma kule? Kule kwenye kulitoka ba-ministre, ba-juge, na ba-professeur ba Prix Nobel?"

Hapo ndipo ningesema ni mtumba, Papa. Lakini Furaha alikuwa mlangoni na sinia ya chai, ananitazama, nikajisikia nikijibu, "Kidogo tu, Papa."

Kidogo! Mtu anasomaje chuo kikuu kidogo? Mzee akaona ni unyenyekevu, na Jumapili iliyofuata kanisa zima likawa linaniita Professeur, nikawekewa kiti cha mbele, nami (ubinadamu huu!) nikakizoea.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumapili moja mchungaji akaleta mgeni, mama Mmarekani aliyekuja mjini kwa mkutano, akasema amefundisha miaka mingi katika chuo kile kile cha kifuani mwangu. Nilianza kuutafuta mlango kwa macho, lakini Papa Déo alishasimama.

"Mama Professeur, huyu iko mtoto yenu! Njoo mbele, muimbe wimbo ya chuo!"

(Kwetu watu waliosoma shule moja hawakutani hivi hivi, lazima wimbo uimbwe, na Wakongo nao ni vivyo hivyo.) Mama yule alifurahi, akanishika mkono, akaanza, mimi nikichezesha midomo na kurefusha "aaa" mwisho wa kila mstari, nikajiona nimeokoka, hadi alipomaliza ubeti wa kwanza akaniashiria wa pili niuanze mimi.

Kichwani nilikuwa na wimbo mmoja tu wa shule, basi nikafumba macho nikautoa, maneno nikiyatafuna yasikike Kizungu:

"Kilima Mbuzi, Kilima Mbuzi, shule yetu ya msingi..."

Huenda ningepona, ila nyuma kabisa ikapaa sauti nyingine, nene, yenye furaha: "...twakupenda, twakuenzi, hata mvua ikinyesha!" Kufumbua macho, ni Mutua, Mkenya mwenzangu, amesimama wima, mikono ubavuni kama kwenye gwaride la asubuhi, machozi yanamtoka.

"Ndugu yangu! Kumbe na wewe ni wa Kilima Mbuzi!"

Papa Déo akageuka polepole. "Kilima Mbuzi iko Amerika?"

"Hapana, Papa. Iko Machakos. Na sweta ni ya mtumba."

Watu walicheka mpaka mpiga kinanda akashindwa kuendelea, lakini Furaha hakucheka, alitoka nje bila kunitazama, na hicho ndicho kilichoniuma. Jioni nikaenda kwao na shati jeupe lisilo na neno lolote, nikaomba radhi.

"Kwenye ile chuo yako ya mbuzi," mzee akauliza, "balikufundisha uongo?"

"Hapana, Papa, huo nilijifunza mwenyewe."

Nilisikia mtu akicheka jikoni, na nilikijua kicheko kile.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, wakasahau kututajia ya mtumba. Nimeapa kutojibu tena "kidogo" kwa lolote. Na siku ya harusi yetu, kabla ya keki, Papa Déo aliwasimamisha wakwe wote wima, mikono ubavuni, wakaimba Kilima Mbuzi, beti zote.