Vijiko Vitatu vya Maji

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane nilipewa kazi ya kumlinda ndugu yangu Ilunga asionje maji. Kazi hiyo niliifanya vibaya, na kwa miaka mingi niliamini kwamba nilimuua.

Tulikaa Panda, hapa Likasi, katika nyumba za kambi ya wafanyakazi. Kilikuwa kiangazi, baridi na vumbi tupu. Ilunga alikuwa na miezi kumi, mtoto mcheshi, mwizi wa ugali kwenye sahani yangu. Siku moja alianza kutapika, kisha akaharisha maji matupu. Siku ya pili utosi wake ulibonyea, pale kichwani penye ngozi laini. Nkambo, yaani bibi yangu mzaa mama, alipopagusa aliuvuta mkono wake. Kwetu utosi ukiingia, huo ndio ugonjwa wenyewe; kuhara kunaufuata tu. Na kila mtu alijua kwamba mtoto wa namna hiyo hapewi maji, kwa sababu maji yanampita na kuuvuta utosi chini zaidi.

Mama alikwenda Kambove kumwita baba machimboni. Nkambo akaponda majani, akayachanganya na mafuta ya mawese, akampaka Ilunga utosini. Kisha akatoka kutafuta majani mengine.

"Usimupe maji," aliniambia. "Hata akilia. Maji njo inamumaliza."

Hakulia. Kilio ningekistahimili, maana nilikuwa mkaidi tangu tumboni. Macho yake yalikuwa yamezama, midomo imekauka, na nilipochukua kikombe ninywe mwenyewe, alikifuata kwa macho, akanyoosha mkono. Nikampa kijiko kimoja. Alikinyonya hata ikawa tabu kukitoa mdomoni. Nikampa cha pili, na cha tatu. Hapo akatapika. Nikashikwa na hofu, nikamwaga maji yaliyobaki nje ya mlango.

Nkambo aliporudi aliona udongo umelowa, akaona na kijiko.

"Ulimupa?"

"Kidogo, nkambo."

Hakunipiga. Alikiosha kijiko, akakirudisha mahali pake. "Usiambie mama yako," alisema. "Weye ungali mutoto, hukujua."

Ilunga alikata roho kabla mama hajafika. Mama aliuliza kama alilia, kama alikula, kama aliita mtu. Nkambo alijibu yote yeye, mimi nikiwa nyuma ya kanga yake. Naye Nkambo alikufa bila kunitaja kwa mama hata mara moja.

Mwaka huu binti yangu mdogo, ambaye chanjo ya matone ya kuzuia kuhara ilimpita tulipokuwa tukihamahama, alihara vilevile, na utosi wake ukaingia. Nilimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alisema ni virusi vya rota, akanipa unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji safi.

"Na utosi?" nilimuuliza.

"Utosi unaingia sababu ya kukosa maji, mama. Umupe kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngoja kidogo, urudilie."

Urudilie. Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za kituo. Vile vijiko vitatu ndiyo dawa pekee aliyoipata Ilunga siku ile. Sijui kama cha nne na cha kumi vingemwokoa. Ninajua tu kwamba alikuwa na kiu, na sisi tuliompenda ndio tuliomnyima. Nkambo, maskini, alinifichia kosa lisilokuwa langu, na lake hakulijua.

Nyumbani mama, ambaye sasa ni mzee, alinikuta na kikombe mkononi. Alishtuka.

"Unamupa maji, na utosi wake uko vile?"

Maneno yote ya muuguzi yalinijia mdomoni. Nikamtazama mama yangu, nikaona kwamba nikisema, atamzika mwanawe upya, na safari hii akijua kwamba ni mkono wa Nkambo, mama yake mwenyewe, uliomnyima maji.

"Si maji, mama," nikamwambia. "Ni dawa."

"Basi lete, nimupe miye."

Akampakata mjukuu wake, akamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka kikombe kikaisha. Mtoto alipona. Mama anapenda kuwaambia majirani jinsi ile dawa ilivyo nzuri, nami huitikia, ndiyo mama, ni nzuri.