Bibi wa Kijapani alivyonifanya nimrudishie baba yangu kazi yake

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, nyumbani kwangu Hayes, na sijatia chumvi.

Mimi ni carer hapa London. Asubuhi nazunguka kwa wazee: nawaogesha, nawapa dawa, nawawekea chai.

Nyumbani nina mzee wangu pia. Baba aliondoka Unguja kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi, akafanya kazi kwenye warehouse za airport mpaka akastaafu.

Mama alifariki mwaka juzi. Miezi minne baadaye baba akaanguka jikoni.

Niliogopa, wakuu. Nikamkataza jikoni, nikamkataza kwenda dukani peke yake. Chai namletea, viatu namvalisha. Niliona ndiyo kumtunza.

Akawa anashinda kitandani. Anaonja vijiko viwili, anasukuma sahani. GP, daktari wetu wa mtaa, alimpima kila kitu, hakuona ugonjwa.

Siku moja akaniambia taratibu, "Mwanangu, mimi nimeshamaliza."

Nilitoka nje, nikasimama kwenye bins za taka, nikalia.

Sasa, kati ya wazee ninaowahudumia yupo bibi wa Kijapani, namwita Bi Haruko. Ana miaka themanini na kitu, anaishi peke yake, mikono inatetemeka. Kila asubuhi anamwagilia mimea yake ya dirishani kwa kikombe kidogo, robo saa nzima.

Asubuhi moja nilikuwa nimechelewa. Nikachukua kile kikombe nimmalizie.

Akanishika mkono. Hakukasirika. Akasema, "Ukinifanyia hili, kesho nitaamkia nini?"

Nikakaa. Akanieleza kwamba kwao wanaita ikigai, ile sababu ya mtu kuamka. (Mimi neno hilo nililiona kwenye vitabu vya airport, nikadhani ni mambo ya kutafuta career.) Alicheka nilipomwambia. Akasema bibi yake kijijini hakuwa na career, alikuwa na miche ya vitunguu, na majirani waliokuwa wakiisubiri. Kitu kidogo kinatosha, mradi kiwe chako na awepo anayekihitaji.

Kwenye basi nilimuwaza baba tu. Nilimwondolea kila kitu, na kwa mapenzi.

Enzi za mama, kukuna nazi ilikuwa kazi ya baba, hakuna aliyemwingilia. Alipoanguka, nikaificha mbuzi ya nazi store, nikahamia tui la kopo.

Jumamosi nikaitoa. Nikamfuata chumbani.

"Baba, naomba unikunie nazi. Tui la kopo limenishinda."

"Mikono haina nguvu."

"Tuna siku nzima, baba."

Akaitazama mikono yake. Kisha akateremsha miguu, akatafuta viatu vyake. Nilijizuia nisimvalishe. Wakuu, ilinigharimu.

Niliiweka mbuzi juu ya sanduku imara asikae chini sana, nikasimama nyuma yake. Nazi moja, saa nzima, na nusu ikamwagika sakafuni. Binti yangu Maryam, ambaye akisemeshwa Kiswahili hujibu Kiingereza, akaja mwenyewe kumshikia babu yake sinia.

Mchuzi ulikuwa na vipande vya kifuu. Baba alikula, akaomba kuongezewa. Nikageukia sinki wasinione uso.

Sisemi huzuni imeisha. Zipo siku hataki kusema na mtu. Lakini jirani yetu, mama wa Kipemba mwenye matatizo ya mgongo, alisikia habari akaleta nazi zake mbili. Sasa mzee anasubiriwa na nyumba mbili.

Jumamosi iliyopita nilikuwa off, nimelala. Mlango ukagongwa. Baba huyo, keshavaa koti na kofia.

"Nazi zimekwisha. Amka unipeleke dukani Queensbury."

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa namlinda baba yangu mpaka nikamwacha hana la kufanya duniani. Kumsaidia mzee ni pamoja na kumsubiri afanye mwenyewe, hata kama anachelewa, hata kama anamwaga.

Wenye wazazi majumbani, mmewaachia kazi gani? Andikeni hapa chini, na mimi nijifunze kwenu.