Ushahidi wa Baba kwa Mwanawe

Nilipoomba kwenda Uingereza kuendelea na masomo ya Kilatini na Kiyunani cha kale, mtaa wetu mzima wa Ngamiani ulishaamua kwamba nasomea upadri. Nilikuwa mwalimu wa shule, nimetoka chuoni Kampala na digrii yangu, lakini nani angenisikiliza? Kilatini kilikuwa lugha ya misheni, na misheni ndiko nilikoanza kukisoma. Baba, aliyefundisha watoto Kurani barazani kwetu, aliwajibu wambea kwa kunyamaza. Kimya chake kiliniuma kuliko maneno yao, maana sikujua yuko upande gani.

Chuo cha Uingereza kilitaka walimu watatu wanishuhudie. Wawili nilikwisha kuwapata. Wa tatu alitakiwa awe mwalimu wangu wa kwanza, na huyo alikuwa baba. Bila yeye ombi lisingesomwa, na hata lingesomwa, nisingepanda meli bila radhi yake.

Baada ya sala ya Alasiri nilimwamkia, nikaketi mkekani, nikamweleza. Akakataa. Akasema sheria haimruhusu: baba hawezi kumshuhudia mwanawe kwa wema, kadhi hapokei ushahidi huo. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia wale ni Waingereza, kadhi wanamjulia wapi? Akaniacha nibwate mpaka nikachoka. Mama alileta kahawa, akarudi ndani.

"Ushahidi wa kumfaa haupokelewi," baba akasema. "Wa dhidi yake hupokelewa. Shika kalamu uandike, mimi macho yangu hayaoni tena."

Nikaandika huku nimenuna. Kwamba nina hasira za karibu. Kwamba ni mbishi: utotoni nilikataa kuivuka aya kabla sijaambiwa maana yake, na bakora haikusaidia kitu. Kwamba nikishika kitabu chakula hupoa, na mama huita hadi sauti imkauke. Kwamba aliponiruhusu kusoma misheni alidhani nitachoka nirudi nyumbani, nami sikuchoka. Nyuma ya mlango nikamsikia mama anacheka. Ndipo nilipofahamu kwamba mzee ananisifu kwa kunishtaki, na hasira zote zikaniisha.

Nilidhani amemaliza. Nikaweka kalamu chini.

"Bado moja," akasema. "Andika: anakwenda mbali, na baba yake amezeeka."

Nikamuuliza kama kweli hilo nalo liende kwa Waingereza.

"Liende. Shahidi hafichi. Ama radhi yangu, mwanangu, hiyo unayo. Hiyo haina haja ya kadhi."

Nikambusu mkono, nikaingia chumbani kuyatafsiri yale maneno kwa Kiingereza. Makosa yangu mengine yalitafsirika upesi, nikiyacheka moja moja. Nilipofika lile la mwisho nililia kwanza, ndipo nikaliandika kama alivyolisema.