Mahubiri Yenye Chumvi ya Bwana Kabwita

Nakumbuka vizuri siku ambayo ghadhabu ya Mungu ilihubiriwa pale Kashikishi kwa sauti ya kifaranga cha bata. Aliyehubiri alikuwa mume wangu Yoano, Mungu amlaze pema. Usicheke bado, mwanangu. Ngoja kwanza nikueleze tulifikaje hapo.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Vita vya Kongo vilikuwa vinawasukuma watu kuvuka ziwa, na sisi wenyewe tulikuwa tumevuka kutoka Pweto, upande wa Kongo, na sufuria mbili na mtoto mmoja, Eliza. Ndugu zetu walibaki ng'ambo, wengine kwenye kambi za wavuvi, wengine visiwani. Simu hazikuwepo. Barua zilichelewa hadi habari zake zikageuka uongo. Ndipo Yoano akapata wazo: ahubiri kwenye kaseti, tuwape wenye mashua, wao wazipeleke. Watu walizipiga safarini, wakazipiga kambini, wakaazimana. Nyinyi leo mnaiita huduma ya mtandaoni na mnadhani mmeianzisha nyinyi. Sawa, hatutagombana.

Shida ilikuwa betri. Yoano alikuwa na sauti kubwa na mfuko mdogo. Siku hiyo alirekodi mahubiri makali juu ya hukumu, betri zikawa zinafifia, naye kwa moto aliokuwa nao hakuona. Sasa betri zikififia wakati wa kurekodi, kaseti inazunguka polepole. Ukija kuipiga kwa betri nzima, sauti inakimbia na kuwa nyembamba. Tukaipiga sokoni mbele ya watu. Kifaranga cha bata kikasimama kuwatisha wenye dhambi kwa jehanamu. Wanawake wauza samaki walilala chini kwa kicheko. Yoano alirudi nyumbani akaingia kitandani na viatu.

Mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Hata Injili inahitaji betri.

Hapo ndipo alipoingia Bwana Kabwita. Alikuwa mfanyabiashara wa chumvi, aliyeinunua upande huu na kuivusha ng'ambo kwa magunia, mtu mnene, mchangamfu, mkarimu kwa kweli. Nisimpake matope. Alikuja nyumbani na redio kaseti mpya, spika mbili, na katoni ya betri.

"Pasteri," akasema, "yote hii nakupatia. Betri, kaseti, yote. Mi naomba kitu kidogo tu. Katikati ya mahubiri, jina yangu na chumvi yangu. Kidogo tu!"

"Kwa nini isiwe mwishoni?" nikauliza.

"Mwisho batu banazima redio, mama. Katikati, palepale penye banalia, hakuna mutu atazima."

Batu ni watu, kwa Kiswahili cha kwetu ng'ambo. Tukaangaliana. Yoano akaishika ile redio kama mtu anayeshika mtoto wa kwanza. Tukakubali. Na kwa kuwa pasteri hawezi kutangaza chumvi, kazi hiyo nikapewa mimi. Nilikuwa na sauti tamu siku hizo. Nilikuwa naanzisha nyimbo kanisani. Nikalitunga tangazo mwenyewe, la wavuvi wenye samaki wa kuhifadhi, na nilijisikia.

Huduma ikapaa. Kaseti zetu zikafika hata mahali tusipopajua. Lakini nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwezi haujaisha, Bwana Kabwita akaanza kupenda baadhi ya mistari kuliko mingine. Alitaka ile ya kwamba sisi ni chumvi ya dunia, tena na tena. Yoano akaihubiri hadi akaishiwa maneno. Siku moja, kwa kuchoka, akabadilisha, akahubiri juu ya mke wa Lutu aliyegeuka nguzo ya chumvi. Kesho yake Bwana Kabwita yupo mlangoni, jasho linamtoka.

"Pasteri, weye iko unaharibu biashara! Chumvi yangu inaua batu sasa?"

"Ni Biblia inasema, Bwana Kabwita."

"Biblia iko na maneno mingi. Chagula ingine!"

Na Yoano, mume wangu, aliyekuwa hamwogopi mkuu wa soko wala mamba, akachagua nyingine. Niliona. Nikanyamaza, kwa sababu betri zilikuwa kabatini.

Baadaye tukapata habari kwamba Mzee Kalenga amefariki kisiwani Isokwe. Alikuwa mvuvi, Mkongomani mwenzetu, mtu mkubwa wa mwili na wa kicheko, na watu wa kambi yake walikuwa wasikilizaji wetu wakubwa. Mjane wake, Mama Kalenga, akatuma ujumbe kwamba Pasteri aje azike. Tukapanda mashua na redio yetu imefungwa kwenye kitenge. Njiani upepo ulikuwa baridi, na Yoano akashindana na mashine ya mashua kuimba nyimbo za faraja. Mashine ikashinda. Tulipofika alifungua kinywa kuwasalimu wafiwa, pakatoka hewa tu.

Tungefanyaje? Watu wamejaa uani, maiti iko mbele kwenye mkeka, imefunikwa shuka nyeupe, kila mtu anamngoja mtumishi wa Mungu. Nikamnong'oneza: "Tupige kaseti ya ufufuo." Akakubali kwa kichwa.

Yoano akasimama karibu na redio, Biblia mkononi, na sauti yake ikaanza kutoka kwenye spika. Yeye alikuwa anainua mkono panapofaa na kufumba macho panapofaa. Mwanangu, ilikuwa nzuri. Yale mahubiri aliyarekodi siku ambayo sisi wenyewe tulipata habari ya msiba wa ng'ambo, na kila neno lilikuwa na machozi yake. Nikamwona Mama Kalenga, aliyekuwa amekauka kama mti tangu tufike, anaanza kutikisika mabega. Sauti ikasema kwamba huyu aliyelala hakupotea. Ikasema Mungu anamjua kwa jina. Uani watu wakaanza kulia.

Na hapo, palepale penye watu wanalia, nikajisikia mimi kwenye spika, kwa sauti tamu:

"Ndugu yangu, umempata mkubwa? Usimwache aoze! Mpasue tumbo, mtie chumvi ya Bwana Kabwita, mgeuze upande wa pili, mtie tena. Atakaa mwezi mzima bila kutoa harufu!"

Watu wote wakaniangalia. Kisha wakamwangalia Mzee Kalenga. Kisha wakaniangalia tena.

Tangazo nilikuwa nimelisahau kabisa; nilitamani ziwa lipande linichukue. Yoano akairukia redio, akabonyeza kitufe, lakini kwa haraka akabonyeza cha kurudisha nyuma. Ikalia kama panya, ikasimama, na alipobonyeza tena, ikaanza upya kwa nguvu zote za betri mpya: "Ndugu yangu, umempata mkubwa?"

Mzee mmoja nyuma akakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Msichana akauma kitenge chake. Na mtu wa kwanza kucheka waziwazi, mwanangu, alikuwa mjane. Alicheka hadi akashika ubavu, akalala juu ya bega la dada yake, na hapo uani pote pakalipuka. Mazishi yale yanasimuliwa Isokwe hadi leo. Tulimzika Mzee Kalenga vizuri, kwa nyimbo, bila redio.

Nilidhani tumepona. Kesho yake asubuhi, tukingoja mashua, Mama Kalenga akatuita mkekani kwake. Hakuwa anacheka.

"Batoto yangu," akasema, "siwagombeze juu ya kucheka. Mzee yangu alipenda kucheka. Kama angeweza angeinuka acheke na sisi. Lakini sikieni. Jana Pasteri alikuwa anasema, na mi nilianza kuamini. Nikasema, kumbe Mungu anasema na mimi, mujane. Kiisha nikasikia ni duka ndiyo inasema. Sasa sijue tena ile ya mbele ilikuwa ya nani. Ya Mungu, ao ya Kabwita?"

Akatungoja tumjibu. Ilikuwa mara ya kwanza mume wangu kukemewa bila kuweza kujibu, na mpaka anakufa alisema yale ndiyo mahubiri bora aliyowahi kuyasikia.

Tulirudi Kashikishi tumeinamisha vichwa. Wiki haijaisha, tukamkuta Bwana Kabwita anatungoja kizingitini, uso unang'aa kama sufuria mpya.

"Pasteri! Isokwe bamemaliza chumvi yote! Banacheka, banauza, banacheka, banauza!" Alikuwa anamaanisha kununua, kwetu neno hilo linakwenda pande zote. "Alors, matanga ingine iko wapi? Nitaleta spika kubwa!"

Sauti ya Yoano ilikuwa imerudi nusu. Akasema kwa kukwaruza: "Bwana Kabwita, hakuna matanga ingine. Tangazo imeisha."

"Imeisha namna gani? Betri ni za nani? Redio ni ya nani?"

"Ni zako."

Nilimwona Yoano akiifunga ile redio ndani ya kitenge changu, taratibu, akamkabidhi pamoja na katoni ya betri. Bwana Kabwita hakutukana. Alitikisa kichwa kwa huruma kama mtu anayemwangalia mgonjwa, akasema, "Mutaona njaa," akaondoka. Na kitenge changu akaenda nacho.

Njaa tuliiona kweli. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, lakini asiyetegemea cha mtu naye kwanza hukonda. Yoano aliamua kwenda kuvua chisense, vile visamaki vidogo vinavyovuliwa kwa taa. Alipanda mashua na wavuvi, akatapika kwenda, akatapika kurudi, na katikati akaombea wimbi moja moja. Wavuvi walimshusha kwa heshima zote. "Pasteri," wakamwambia, "weye utuombee ukiwa inchi kavu." Mimi nikaanza kununua chisense kwao, nikavianika mchangani, nikafukuza kunguru kuanzia asubuhi hadi jua linaposhuka, nikauza sokoni. Mikono ilinuka hata kanisani. Dada mmoja aliacha kukaa karibu nami. Lakini sufuria ilichemka.

Yoano naye akakumbuka kwamba ile redio yetu ya zamani, ya kifaranga cha bata, alikuwa ameifungua na kuifunga mara nyingi kuliko Biblia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akatandika gunia kando ya soko, akawa anapasha msumari kwenye makaa, anaunganisha nyaya, anatengeneza redio za watu. Mwanzoni aliziharibu mbili akaomba msamaha. Baadaye mkono ukazoea. Na kila redio iliyopona ilibidi ijaribiwe, na kaseti ya kujaribia ilikuwa moja tu, ya mahubiri yake. Bwana mmoja alikubali redio yake imepona tangu neno la kwanza, lakini Yoano alimshikilia mpaka Amina. Nilimkanya, akasema ni lazima kuhakikisha. Binadamu hatakati mara moja, mwanangu.

Kidogo kidogo tukanunua kaseti tupu kwa jasho letu, na redio ikaungwa kutoka kwa maiti za redio nyingine. Kaseti ya kwanza ilirekodiwa nyuma ya nyumba, na kuku wanasikika. Hatukuituma kokote kwanza. Mama Kalenga alipokuja Kashikishi kuuza samaki, Yoano akamwita, akampa kiti kando ya gunia lake sokoni, akaiweka.

Mama yule aliisikiliza akiwa amekunja uso, kichwa upande, kama mtu anayengoja mwizi. Katikati ilipofika akajiandaa. Hakikutokea kitu. Mahubiri yakaendelea, yakafika mwisho, kaseti ikakatika yenyewe, tak!

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha, mama."

"Chumvi haiko?"

"Haiko."

Akavua kitambaa cha kichwani, akakiweka magotini, akashusha pumzi ndefu.

"Bon. Rudisha mwanzo," akasema. "Sasa ndiyo nasikiliza."

Akasikiliza, na akalia kile kilio tulichokuwa tumemkatiza kisiwani. Wateja walisimama, wakangoja. Yoano aliendelea kuinamia nyaya ili asionekane macho.

Basi, mwanangu, wewe unayehubiri kwenye simu na kuniuliza pesa ya kuendeleza huduma itoke wapi. Sisemi pesa ni mbaya. Sisemi usipokee zawadi. Mtume naye alipelekewa chakula. Lakini tafuta kazi inayoweza kunuka mikononi, ili kinywa chako kisinuke. Ukiuza mafuta, uza mafuta, ukishona, shona, waambie watu kwamba hili ni soko. Anayekupa, mshukuru kwa jina lake mchana kweupe. Ila siku atakapoanza kukuchagulia mstari, mfungie mzigo wake umrudishie, hata akienda na kitenge chako. Na mtu anayelia usimuuzie kitu. Chozi ni mlango wa ndani kabisa wa mtu; ukipita hapo na bidhaa, hatakufungulia tena hata ukija na Mungu.

Mchumia juani hulia kivulini. Utachelewa, utachekwa, huduma yako itakuwa ndogo mwaka huu na ndogo mwaka ujao. Iache iwe ndogo, mradi iwe yake Yeye.

Mungu wa maji haya, aliyetuvusha tukiwa na sufuria mbili, akupe kazi ya kukulisha na neno la kulisha wengine. Usipungukiwe mkate, wala Yeye asikuache uuze koo lako kwa ajili ya mkate. Akujalie mjane mmoja wa kukukemea mapema. Uende na amani, mwanangu, na ukifika uwasalimie wote wa nyumbani.