Bastola ya Kapteni

Siku yangu ya kwanza kazini niliwekewa mezani bastola tatu zinazofanana kama ndugu wa tumbo moja, nikaulizwa tofauti zao. Sikuziona. Mie mtu wa Pemba, sijawahi kushika hata manati, na kwenye stoo ile ya silaha za kuigizia filamu, pale Tottenham, nilikwenda kuomba ukarani.

"Hii ya mpira, ya kuangushwa chini," akanambia Mkuu wa Silaha, mzee wa Kiskochi. "Hii hupiga risasi baridi, baruti bila ya kichwa. Hii ilikuwa ya kweli, ikazibwa mtutu. Usimwamini mtu, Zuhura. Tazama mwenyewe."

Basi ikawa ndiyo kazi. Kabla ya kumpa mwigizaji silaha unaifungua, unamulika mtutu kwa tochi, naye anatazama. Baadaye nikatolewa stoo, nikawa msaidizi wa silaha kwenye tamthilia ya makachero wa Moscow, zama za Wasovieti. Moscow yenyewe ilikuwa ghala kuukuu la Barking, na theluji yake ya karatasi.

Kapteni wa makachero aliigizwa na mzee wa Kirusi, mpole, ambaye babake alikuwa kachero kweli huko kwao. Siku moja tulifika pahala kapteni anapojiua ofisini. Asubuhi nilimpa bastola iliyozibwa. Baada ya chakula, kamera ziko tayari, nikaomba niitazame tena.

"Si umeshatazama?" mwongozaji akauliza.

"Nimetazama. Natazama tena."

Nikavuta sehemu ya juu. Risasi ikaruka, ikaanguka mezani. Nikamulika mtutu: wazi, mwanga unapita. Bastola yetu tuliikuta mfukoni mwa koti la yule mzee wa Kirusi.

Mkuu wa Silaha akawatoa watu wote. Mzee akabaki kwenye kiti cha kapteni.

"Ni ya baba," alisema. "Nilitaka ionekane kwenye kamera, mara moja tu."

"Na risasi?" nikamuuliza.

Akanitazama kama niliyesema lugha asiyoijua. Polisi wakamchukua. Mahakamani alishikilia kwamba hakujua kama ina risasi. Akafungwa.

Niliendelea na kazi ile mpaka nilipostaafu. Binti yangu huniuliza, kwa Kiingereza chake, kama yule mzee alijua. Kila nikidhani nimepata jibu, huniponyoka. Nyinyi mnaoingia kazini leo mtaambiwa mnawachelewesha watu. Wachelewesheni tu. Zaidi ya hapo sina la kuwafundisha.

Nilimwona tena mara moja, ameshatoka jela, sokoni Tottenham, nikinunua muhogo. Amekonda. Akanipokea mfuko bila kuniuliza, tukaongozana hadi kituo cha basi.

"Kwa nini ulitazama mara ya pili?" akaniuliza.

"Ndiyo kazi yangu, mzee."

Akatikisa kichwa taratibu. Basi lilipokuja alinipandishia mfuko, akanishika mkono, akaukamata kwa muda mrefu hata dereva akatugeukia. Sijui kama alikuwa akinishukuru au akinilaumu. Nami nikaubana wake.