Bana Masikio

Kila alipotaka kuinuka kitini, Mshale alinyoosha kwanza mikono juu, akalaza kiganja juu ya kiganja na kuyabana masikio kwa mikono yake, kisha ndipo akasimama. Alifanya hivyo saluni, alifanya hivyo msibani, alifanya hivyo hata siku ya harusi yake, na wageni walidhani anajinyoosha kwa uvivu. Waliomjua walijua kwamba ujanani alikuwa muogeleaji, kwamba baadaye aligeuka mwalimu, na kwamba kwake dunia nzima ilikuwa ukuta wa bwawa: mtu hasukumi mpaka awe amenyooka.

Binti wa kaka yake, Mshale ndiye aliyemlea. Alimtia majini kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Binti akakua, akapata kazi ya kupokea simu ofisini, lakini kosa lake la majini halikukua wala halikuhama. Mikono ilikuwa na nguvu, miguu haikuwa na mpinzani. Ila kila alipogeuka na kuusukuma ukuta, angali chini ya maji, aliinua kichwa kuangalia wenzake wamefika wapi. Kidevu kikiinuka, kifua hufunguka, maji humkamata, na ile mbio aliyopewa bure na ukuta humwishia pale pale.

"Umefungua tena mwavuli," Mshale alimwambia. "Ndani ya maji! Unaogopa kulowa?"

Mwaka ule kocha mkuu wa klabu hakumung'unya maneno: timu ingechukua watatu, na binti, kwa umri wake, akikosa safari hii asingejaribiwa tena. Mwaka ule ule mapafu ya Mshale yakaanza kumtupa mkono. Mtungi wa hewa ukaletwa nyumbani, ukasimamishwa kando ya kitanda kama mgeni asiyeaga, na bwawani hakufika tena.

Hapo ndipo alipobuni wazimu wake. Aliamuru korido ya saruji imwagiwe maji ya sabuni, kutoka ukuta wa mwisho hadi mlango wa chumba chake. Binti alale kifudifudi, amevaa nguo ya kuogelea, nyayo ukutani, viganja vimepandana, asukume. Akinyooka, atateleza hadi mlangoni. Akiinua kichwa, tumbo litakandamiza sakafu, akwame njiani. Mshale alilala akikitazama kizingiti, akingoja kuona ncha za vidole.

Siku za kwanza aliona povu tu.

"Hata kobe angeshafika, akapiga na hodi!"

"Sakafu yako mbaya, shangazi."

"Asiyejua kucheza husingizia uwanja. Rudi ukutani."

Kicheko cha Mshale kikageuka kikohozi, kirefu, cha kuvunja mbavu. Binti, katikati ya korido, kichwa juu.

"Nakohoa mimi, wewe unainua kichwa cha nini?"

"Nakuangalia."

"Nikifa utaambiwa. Lala chini."

Basi akalala, akasukuma, akalala tena, magoti yakachubuka. Ikafika jioni vidole vikachungulia kizingitini, kisha mikono, kisha kichwa kilichoinama, kikagonga mguu wa kitanda ngo! Mshale akapiga makofi mpaka pumzi ikamkatikia, na binti akakimbilia mtungi akiwa na povu mwili mzima.

Asubuhi ya majaribio, Mshale alitaka kuketi. Alinyanyua mikono ikafika kidevuni, ikarudi. Akatazama pembeni. Binti akaliona hilo, akaondoka nalo, akaingia nalo majini.

Ukuta wa kwanza ulimtoa kama risasi. Alipofika kwenye ukuta wa kugeukia mara ya mwisho alikuwa miongoni mwa watatu wa mbele. Akasukuma, amenyooka, maji yakimpita kimya mashavuni, na kwa mara ya kwanza maishani alijua, bila kuangalia, kwamba anawapita wenzake. Ndipo ile mikono iliyokwama kidevuni ikamrudia. Je, kama sasa hivi? Kama saa hii hii? Akainua kichwa kulitafuta benchi alilokuwa akikaa shangazi yake. Aliibuka mapema, kifua wazi, na benchini palikuwa na taulo la mtu tu. Alivuta maji kwa mikono kama anayepasua ukuta, lakini mbio ilikuwa imeshakufa. Akafika wa nne.

Nyumbani alikaa ukingoni mwa kitanda, nywele zikidondosha maji.

"Wa ngapi?"

"Wa nne."

Mtungi ulifoka taratibu. Mshale alifumba macho, akayafumbua.

"Ulimwangalia nani?"

"Wewe, shangazi."

Mshale hakugomba. Alihangaika na mikono yake juu ya shuka mpaka binti akaelewa, akamsaidia kuipandisha juu ya mto wa kulalia, akamlazia kiganja juu ya kiganja. Haikufika masikioni. Aliongea kwa vipande, akipumzika kila baada ya neno.

"Siku wakinitoa hapa, usiinue kichwa kunitafuta. Bana masikio, mwanangu. Sukuma."