Wimbo Unachezwa, Mwimbaji Je?

Duka la kanga pale mtaa wa Chuno lilikuwa likipiga wimbo mpya ambao watangazaji wote wanausifu kwa ubunifu. Mama mmoja aliyekuwa akichagua kanga akamziba masikio binti yake mdogo.

"Zima hiyo! Huo wimbo ni wa unyago."

Muuzaji akacheka. "Mama, mbona unachezwa kila redio?"

"Wimbo najua unachezwa. Huyo mwanamume anayeuimba, yeye alichezwa unyago lini?"

Muuzaji akazima.

Ubunifu wa siku hizi raha tupu. Unamrekodi bibi yako akimfunda mwali, unaongeza kinanda, unavaa miwani ya jua, halafu unatangaza kwamba umetunga. Tumtendee haki msanii wetu. Siri za mwali ameshaziimba. Sasa afungiwe ndani kama mwali mwingine yeyote.